Saa ya Mwisho Alipoonekana Mzima

Mfanyabiashara akiporomoka katikati ya soko la Gikomba, mdomo umekwenda upande na mkono hauinuki, hatakosa mtu wa kupaza sauti. Wachuuzi wataacha bidhaa zao, atabebwa juu juu hadi kwenye gari, na atakapofika hospitalini kila mtu atajua kwamba hili ni jambo la dharura. Sasa mchukue mtu huyo huyo, mlaze wodini kwa sababu ya nimonia au mguu uliovunjika, kisha mdomo uende upande saa tisa usiku. Kuna uwezekano mkubwa kwamba hakuna atakayeona mpaka chai ya asubuhi.

Hili si tatizo la Nairobi peke yake. Katika nchi zenye hospitali tajiri kuliko zetu, imeonekana mara kwa mara kwamba anayepata kiharusi akiwa tayari amelazwa huchelewa kupigwa picha ya ubongo kuliko aliyeletwa kutoka nyumbani. Wala si watu wachache: tafiti mbalimbali zimekadiria kuwa kati ya asilimia 2 na 17 ya viharusi vyote huwapata watu wakiwa hospitalini.

Sababu ukizitazama zinaeleweka. Aliyelala hajaribu kutembea, kwa hiyo mguu uliokufa ganzi haumwangushi. Aliyepewa dawa ya maumivu anatarajiwa kusinzia. Mzee akianza kuropoka, tunasema ni homa, ni umri, ni ugeni wa mahali. Tayari ana jina la ugonjwa kwenye faili, na kila dalili mpya inabandikwa jina hilo hilo. Ndiyo maana, kwa maoni yangu, swali la kwanza wodini lisiwe "ana ugonjwa gani?" Liwe: "amebadilika kutoka alivyokuwa, na alibadilika lini?"

Swali la "lini" lina uzito kuliko watu wengi wanavyodhani. Chukua mfano wa mama aliyekutwa saa kumi na mbili asubuhi hawezi kusema wala kuinua mkono wa kulia. Muuguzi wa zamu ya usiku alizungumza naye mara ya mwisho saa nne. Kwa hesabu hiyo, saa nane zimepita. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa nne na nusu, na saa hizo zinaanza kuhesabiwa tangu mgonjwa alipoonekana mzima kwa mara ya mwisho, si tangu alipokutwa hawezi. Kwa karatasi, mama huyu amechelewa. Lakini mgonjwa wa kitanda cha pili akiulizwa, anasema: "Huyu mama alienda msalani kwa miguu yake saa kumi alfajiri, hata akanisaidia kufunika blanketi." Hapo saa nane zimekuwa mbili, na mlango uliokuwa umefungwa umefunguka. Jirani wa kitandani, mfagiaji, mlinzi wa mlangoni, jamaa aliyepiga simu usiku: wote hao ni mashahidi, na hakuna kipimo cha maabara kinachoweza kujaza nafasi yao.

Kabla ya kukimbilia picha, kuna mambo ya kawaida ambayo hayasubiri. Njia ya hewa iko wazi? Anapumua vizuri? Oksijeni na presha vikoje? Na sukari je? Hili la sukari nalitilia mkazo kwa sababu sukari ikishuka inaweza kuiga karibu kila kitu: kiharusi, kifafa, ulevi, hata wazimu. Tone moja la damu kwenye kidole linajibu swali hilo kwa sekunde chache. Hali inayojirudia wodini ni hii: mgonjwa wa kisukari amechomwa insulini asubuhi, ameambiwa asile kitu kwa sababu anaenda thieta, kisha orodha ya thieta inachelewa mpaka alasiri. Hakuna aliyekosea kwa makusudi, ila ubongo wake umebaki bila chakula. Sukari ikiwa chini ya 3 kwa kipimo cha milimoli kwa lita, na hata kabla ya hapo kama ana dalili, anapewa glukosi kwa mshipa, kwa kawaida gramu 25 kwa mtu mzima, kisha anapimwa tena baada ya dakika chache. Akiwa mnywaji wa siku nyingi au ameishi bila chakula cha maana, apewe na vitamini B1, kwa sababu bila hiyo sukari yenyewe inaweza kumchochea tatizo jingine la ubongo.

Kisha fahamu ipimwe. Kipimo kinachotumika kote duniani ni kile cha Glasgow, kilichochapishwa mwaka 1974 na madaktari Graham Teasdale na Bryan Jennett. Macho yana alama 4, maneno 5, viungo 6. Jumla ya juu ni 15 na ya chini kabisa ni 3, maana yake hata maiti hupata 3. Mgonjwa akifika 8 au chini, hesabu kwamba huenda hawezi kuilinda njia yake ya hewa, na mtu wa dawa ya usingizi aitwe. Akishuka alama 2 kutoka alipokuwa, hiyo ni kengele, hata kama bado ana 13.

Ila kipimo hiki kina mitego. Kuandika "10" peke yake hakumsaidii mwenzako wa zamu inayofuata. Kumi ya mtu aliyefungua macho lakini hasemi si sawa na kumi ya mtu anayelalamika macho yamefumbwa. Andika kila sehemu peke yake. Mtego wa pili ni wa hapa kwetu, na sijaona ukitajwa vya kutosha. Bibi ameletwa kutoka Machakos, amezungumza Kikamba maisha yake yote. Daktari kijana anamsimamia na kumuuliza kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili cha haraka haraka, "Leo ni siku gani? Hapa ni wapi?" Bibi anajibu visivyo, na faili inaandikwa kwamba amechanganyikiwa. Jioni binti yake anakuja, wanapiga soga vizuri kabisa. Kinyume chake ni hatari zaidi: mzee wa Kijaluo anaongea maneno mengi, wafanyakazi wasioelewa Kidholuo wanadhani yuko sawa, kumbe maneno hayaunganiki na ni mwanawe tu angeweza kusema hivyo. Katika mji wenye lugha nyingi kama huu, ni vyema kutafuta anayejua lugha ya mgonjwa kabla ya kuandika alama ya maneno. Wodi ya Nairobi haikosi mtu.

Jamaa akisema "huyu si yeye", asichukuliwe kuwa msumbufu. Mfumo wa Uingereza wa kuhesabu dalili za hatari kwa waliolazwa, uliofanyiwa marekebisho mwaka 2017, unampa mgonjwa alama 3 kwa kuchanganyikiwa kupya tu, alama nyingi kiasi cha kumfanya daktari aitwe hata kama vipimo vingine vyote ni sawa. Na kuchanganyikiwa si lazima kuwe kwa kelele. Anayevua dripu na kutukana ataonekana na kila mtu. Yule aliyenyamaza, hali chakula, hageuki, anatazama ukuta, ndiye anayepitwa, na mara nyingi anaitwa mgonjwa mtulivu.

Turudi kwenye kiharusi. Uso, mkono, maneno, muda: hayo manne yanatosha kumwinua daktari kitini. Picha ya CT, ile ya eksirei ya kompyuta, ndiyo inayotenganisha kiharusi cha mshipa ulioziba kwa damu iliyoganda na kile cha damu iliyovuja, kwa sababu kwa macho hatuwezi kutofautisha, hata tuwe na uzoefu gani. Ndiyo maana aspirini hairuhusiwi kabla ya picha, ingawa jamaa wengi wameisikia ikisifiwa. Kosa jingine ni kukimbilia kuishusha presha. Presha ikiwa 190 kwa 100 inatisha, na mkono unataka kutoa kidonge cha nifedipini kikatoboliwa na kuwekwa chini ya ulimi. Presha hiyo inaweza kuwa ndiyo inayosukuma damu ifike sehemu ya ubongo iliyo hoi lakini bado hai. Kama ni damu iliyoganda na hakuna dawa ya kuyeyusha inayotolewa, miongozo huvumilia mpaka 220 kwa 120. Kama dawa ya kuyeyusha itatolewa, presha ishuke chini ya 185 kwa 110, taratibu, kwa dawa ya mshipani inayoweza kudhibitiwa. Damu ikiwa imevuja, hesabu inabadilika na presha inashushwa mapema zaidi, na damu iliyofanywa nyepesi na dawa kama warfarini irudishiwe uwezo wake wa kuganda.

Kisha kuna uji. Nairobi nzima jamaa huja saa ya kuona wagonjwa na chupa ya uji, na huo ndio upendo wetu. Aliyepata kiharusi anaweza kumeza vibaya bila hata kukohoa, uji ukaingia mapafuni. Asipewe chochote mdomoni, hata dawa, mpaka umezaji wake upimwe. Wafanyakazi wawaeleze jamaa kwa heshima. Karatasi iliyobandikwa kichwani mwa kitanda haisomwi na mtu mwenye hofu.

Aliyelazwa ana kikwazo kimoja cha ziada: kama amepasuliwa majuzi, dawa ya kuyeyusha damu inaweza kumtoa damu kwenye kidonda. Hapo inabaki njia ya kuvuta bonge la damu kwa mrija unaopitishwa kwenye mshipa mkubwa, ambayo kwa wagonjwa waliochaguliwa inaweza kufanywa hadi saa 24. Ni huduma ya gharama na ya vituo vichache, lakini ulizia kabla ya kukata tamaa.

Degedege na kifafa vina sheria yake ya dakika. Mtukutiko wa mwili mzima ukizidi dakika 5, usitarajie utakoma wenyewe. Mwaka 2015 shirika la kimataifa la wataalamu wa kifafa liliweka mipaka miwili: dakika 5, wakati wa kuanza dawa, na dakika 30, wakati ambapo madhara ya kudumu huanza kuingia. Mgeuze upande, toa kilicho karibu naye kinachoweza kumuumiza, na usimtie kijiko mdomoni. Hakuna anayemeza ulimi. Kuna wanaovunjwa meno. Angalia saa. Pima sukari. Kisha diazepamu miligramu 10 polepole kwa mshipa, au midazolamu miligramu 10 kwenye msuli wa paja kama mshipa haupatikani, na mtu asipoteze dakika kumi akitafuta mshipa kwenye mkono unaorukaruka. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba sindano ya msuli haiwi nyuma ya ile ya mshipa.

Kinachofanyika badala yake, mara nyingi, ni kutoa nusu ya dozi kwa hofu kwamba mgonjwa ataacha kupumua. Hofu hiyo ina heshima yake, ila haiko mahali pake. Huko San Francisco, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2001, waliopewa dawa walipata matatizo ya kupumua kidogo kuliko waliopewa dawa bandia. Kinachomkaba mgonjwa, zaidi ya dawa, ni degedege lenyewe. Toa dozi kamili, mfuko wa kupumulia uwe karibu, rudia mara moja. Kama bado, nenda hatua ya pili: fenitoini, levetirasetamu au valproeti. Utafiti mkubwa wa mwaka 2019 ulilinganisha dawa za makundi hayo matatu na kukuta kila moja inafanya kazi kwa karibu nusu ya wagonjwa, kwa hiyo ile iliyo kabatini ndiyo nzuri. Fenitoini ichanganywe na maji ya chumvi, si ya sukari, maana kwenye sukari hujikusanya chembechembe, na isikimbizwe kuzidi miligramu 50 kwa dakika, moyo ukifuatiliwa.

Halafu subiri, umwangalie. Aliyeacha kutukutika lakini haamki baada ya nusu saa hivi huenda bado anaendelea kimya kimya, macho yakicheza au kidole kikiruka tu. Hilo linahitaji kipimo cha umeme wa ubongo, na pasipokuwapo, linahitaji mtu wa kulishuku.

Mwanamke mjamzito, au aliyejifungua ndani ya wiki sita, akipata degedege, fikiria kifafa cha mimba kwanza. Dawa yake ni magnesiamu salfeti: gramu 4 kwa mshipa taratibu, na kwa utaratibu unaotumika sana kwetu, gramu 5 katika kila tako. Pumzi, mkojo na mruko wa goti vifuatiliwe, na kalsiamu glukoneti iwe tayari endapo dawa itazidi. Wakunga wa hospitali ya uzazi ya Pumwani hawahitaji kuambiwa haya. Anayehitaji ni daktari wa wodi ya kawaida aliyempokea mama mwenye "kichwa kikali na presha" siku ya sita baada ya kuzaa, na hakumuuliza kama ana mtoto mchanga nyumbani.

Fuvu la kichwa ni kama sufuria iliyofungwa kifuniko kwa misumari: ndani kukiongezeka chochote, damu, usaha, uvimbe au maji, kinachobanwa ni ubongo. Kijana wa bodaboda ameanguka Jogoo Road bila helmeti, amezimia kidogo, ameamka, anasema yuko sawa na anataka kwenda nyumbani. Saa mbili baadaye anatapika, anasinzia, mboni moja ya jicho imetanuka na haijibu mwanga wa tochi. Mshipa umepasuka kati ya mfupa na utando wa ubongo, na sasa ni suala la dakika. Mapigo ya moyo yakipungua huku presha ikipanda na pumzi ikiyumba, ujue umechelewa. Inua kichwa cha kitanda nyuzi 30, shingo ikae wima na isikazwe na kamba za mrija, toa oksijeni, weka dripu ya manitoli au ya maji ya chumvi nzito ili kupunguza uvimbe wa ubongo, ita mpasuaji. Nairobi ya Julai ina baridi, na chupa ya manitoli huwa na fuwele. Ipashwe joto ziyeyuke na itumiwe na kichujio, isitupwe wala isitundikwe hivyo hivyo. Manitoli inanunua muda tu. Kinachoponya ni kutoa damu.

Mzee mwenye dawa ya kuzuia kuganda damu anaweza kuanguka bafuni leo na kuanza kuchanganyikiwa wiki tatu baadaye. Muulize, na umuulize aliye naye.

Homa ikija pamoja na kuchanganyikiwa au shingo kukaza, dawa itangulie picha. Seftriaksoni, dawa ya bakteria, gramu 2 kwa mshipa mara tu damu ya kuoteshea imechukuliwa, deksamethasoni ikiambatana nayo, na maji ya uti wa mgongo yatolewe pale ambapo hakuna dalili za shinikizo linalozuia. Kusubiri foleni ya CT kwa saa nne na dawa iko kabatini ni jambo lisilo na utetezi. Kwa anayeishi na HIV, homa ya uti wa mgongo ya kuvu huja polepole: kichwa kinauma wiki baada ya wiki, homa ndogo, shingo laini kabisa. Huyo hapoi kwa dawa za bakteria, na mara nyingi anachohitaji mapema pamoja na amfoterisini, dawa ya kuvu, ni kupunguziwa maji ya mgongo yanayobana ubongo. Tangu 2022 Shirika la Afya Duniani linapendekeza dozi moja kubwa ya amfoterisini ya aina ya liposomu (iliyofungwa ndani ya vitone vya mafuta) pamoja na vidonge, ambayo inapunguza sana madhara ya wiki za dripu.

Na malaria? Nairobi iko juu na baridi, maambukizi ya hapa hapa ni machache, na ndiyo sababu inasahaulika. Lakini kila Januari mji hujaa watu waliotoka Busia, Siaya na Kilifi kwa likizo. Swali la "ulikuwa wapi majuma mawili yaliyopita?" linagharimu pumzi moja. Malaria ya ubongo hutibiwa kwa artesuneti ya mshipani: mara moja, kisha saa ya 12 na ya 24.

Wa mwisho ni yule anayeongea vizuri, na kwa sababu anaongea, hamtishi mtu. Miguu ilianza kufa ganzi juzi, jana magoti, leo mikono haina nguvu ya kufungua kifuniko. Ugonjwa wa Guillain-Barré, unaoshambulia neva, unaweza kupanda mpaka misuli ya pumzi, na kifaa cha kidoleni kitaendelea kuonyesha oksijeni nzuri mpaka karibu kabisa na kuanguka. Mwambie avute pumzi moja na ahesabu kwa sauti. Akishindwa kufika 20, au akifika pungufu ya alivyofika asubuhi, apelekwe kwa wagonjwa mahututi akiwa bado anaongea vizuri, si akiwa anatweta. Naye ambaye miguu imekufa pamoja na mkojo kukataa kutoka na ganzi kati ya mapaja, uti wake wa mgongo umebanwa. Kwetu kifua kikuu cha mifupa na saratani zinaongoza orodha ya washukiwa. Picha ya MRI ifanywe siku hiyo hiyo.

Mgonjwa anapohamishwa kwenda hospitali ya rufaa, piga simu kabla gari halijatoka. Barabara ya Thika saa kumi na moja jioni haina huruma, na kufika mahali kusiko na kitanda ni kupoteza saa mbili za ubongo. Barua ibebe saa ya mwisho alipoonekana mzima, alama za Glasgow kwa sehemu tatu, hali ya mboni, sukari, dawa zilizotolewa na saa zake, na picha ya CT yenyewe kwenye diski, si maelezo yake tu. Jamaa mmoja anayemfahamu apande gari hilo, simu ikiwa na chaji.